Moja Tu

Mimi ni muuza dagaa katika soko la Mwanga, hapa Kigoma, na kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya meza yangu nimelaumiwa kwa mambo mengi, lakini kubwa kuliko yote ni kopo la kupimia. Mteja akifika hatazami dagaa kwanza. Huliinua kopo, huligeuza, kisha hupapasa kitako chake kwa kidole gumba ili ajiridhishe kwamba sikukibonyeza kwa ndani. Sina kinyongo na ukaguzi huo, kwa kuwa wapo wenzangu wanaobonyeza kweli. Kinyongo changu ni kwamba watu hao hao, jioni wakiingia katika kibanda umiza kuitazama Taifa Stars, hukubali kupimiwa kwa kopo lolote watakaloletewa.

Jioni ya tarehe 4 Januari 2026 tulikuwa humo, tumebanana mabega kwa mabega, tukiitazama timu yetu ikicheza na Moroko mjini Rabat katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, hatua ambayo hatukuwahi kuifikia tangu tuliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1980. Brahim Díaz akafunga dakika ya 64, kipenga cha mwisho kikalia, tukawa tumetolewa. Nilivua kofia yangu kama mtu aliyefiwa. Nilipogeuka kumtafuta wa kunipa pole, nikakuta watu wanapeana mikono ya pongezi, na kijana mmoja wa bodaboda akaushika wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Hongera sana, mzee wangu. Moja tu!"

Hakuna mchezaji aliyeitumikia Taifa Stars kwa muda mrefu kuliko neno hilo "tu". Mwaka 2010 Brazil walikuja Dar es Salaam wakatufunga matano kwa moja. Robinho na Ramires walifunga mawili mawili na Kaká akaongeza lake, lakini ukiuliza habari za siku ile hapa sokoni utasimuliwa bao la Jabir Aziz, tena kwa kuonyeshwa na mguu, mpaka meza ya nyanya ya jirani itikisike. Desemba 2025 tulifungwa na Nigeria mawili kwa moja, ikawa ni "mawili tu". Siku pekee ninayoikumbuka ambayo neno hilo lilikosa nafasi ni ile ya Novemba 2015, tulipofungwa saba bila na Algeria kule Blida, siku tatu baada ya kutoka nao sare ya mabao mawili hapa nyumbani. Hakuna aliyethubutu kusema "saba tu", ingawa nakumbuka mtu mmoja alijaribu kusema kwamba ukijumlisha mechi zote mbili sisi pia tulifunga mawili.

Basi, katika kibanda kile alikuwamo mwalimu mstaafu wa hisabati, ambaye sote humwita Mwalimu, na mtu akishaitwa hivyo hukosi kufundishwa. Alichana ubavu wa boksi, akaomba kalamu, akaandika 3, halafu 2, halafu 1. Alifafanua kwamba Moroko walitufunga matatu bila Januari 2024 kule Ivory Coast, wakatufunga mawili bila Machi 2025 katika kufuzu Kombe la Dunia, na sasa moja. Kwamba huo kitaalamu unaitwa mfululizo. Na kwamba namba inayofuata ni sifuri, itakayoangukia mwaka 2027 tutakapoandaa mashindano haya pamoja na Kenya na Uganda, na baada ya sifuri watu tuanze kuwafunga wao. Alishangiliwa kuliko timu yenyewe.

Nilinyoosha mkono. Nilimuuliza kwa adabu kuhusu mawili bila ya Novemba 2023, tena katika Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa, mbona hayamo kwenye boksi. Akasema hayo yalitokea kabla mfululizo haujaanza. Nikamuuliza kuhusu robo fainali ya mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, tulipotolewa na Moroko hao hao kwa moja bila, pale pale kwa Mkapa. Akasema ile ni timu ya wachezaji wa ligi ya ndani, kwa hiyo haihesabiki. Ajabu ni kwamba tulipowafunga Burkina Faso na Madagascar katika CHAN hiyo hiyo ilihesabika kabisa, maana Mwalimu ndiye aliyetununulia sote kahawa na kashata.

Hapo ndipo nilipotoa jiwe nililokuwa nimelificha. Nilimkumbusha kwamba Machi 2013, Dar es Salaam, tuliwafunga Moroko matatu kwa moja. Mbwana Samatta alifunga mawili na Thomas Ulimwengu moja, na wote wawili wakati huo walikuwa vijana wa TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, nchi ambayo ukisimama Kibirizi hapa Kigoma siku isiyo na ukungu unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa. Nikamwomba auweke mwaka huo mwanzoni mwa boksi, kisha atusomee mfululizo upya. Kibanda kizima kilinyamaza kidogo, halafu mtu wa nyuma akaniambia nikae chini kwa sababu ninamziba asione marudio.

Nisieleweke kwamba namdharau mwenye nguvu. Moroko walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 baada ya kuwatoa Hispania na Ureno, na hawakuokota nguvu hizo njiani. Mwaka 2009 walianzisha kituo cha kulea vijana kinachoitwa kwa jina la mfalme wao, Mohammed VI, nao Youssef En-Nesyri na Azzedine Ounahi wamepitia humo. Hao wawili walifunga mabao mawili kati ya yale matatu ya Januari 2024. Kwa hiyo mabao tuliyofungwa siku ile yalianza kupikwa zamani sana, wakati sisi tukijadili bao la Jabir Aziz. Kufungwa na mtu aliyejiandaa namna hiyo si aibu. Linaloniumiza ni kuambiwa nishangilie ukubwa wa kidonda kwa sababu kile cha juzi kilikuwa kikubwa zaidi.

Halafu kuna suala la pointi mbili, ambalo limeninyima usingizi. Kule Ivory Coast tulitoka sare na Zambia, tukatoka sare na Kongo, tukafungwa na Moroko. Tukapata pointi mbili, tukashika mkia wa kundi na kurudi nyumbani. Safari hii tumefungwa na Nigeria, tukatoka sare na Uganda, tukatoka sare na Tunisia kwa bao la Feisal Salum. Pointi ni mbili zile zile, mabao ya kufungwa katika kundi ni manne yale yale, lakini tumeingia 16 bora kwa mlango wa washindwa bora, yaani walioshika nafasi ya tatu katika makundi yao kwa matokeo mazuri zaidi, na tumeandika historia. Nakiri kwamba safari hii tulifunga matatu badala ya moja, na hayo ndiyo yaliyotubeba, kwa hiyo kitu kidogo kimeongezeka ndani ya kopo na mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu haki yake. Hata hivyo, tangu 1980 tumecheza mechi 13 katika fainali hizi na hatujashinda hata moja. Nilipoitaja namba hiyo kibandani, Mwalimu alisema 13 ni namba tasa, haigawanyiki, na kwa hiyo haifai kwa uchambuzi.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Mke wangu, ambaye mpira kwake ni kelele za majirani, alikuwa anasonga ugali wa muhogo, akauliza bila kugeuka, "Mmeshinda?" Nikamjibu kwamba hapana, tumefungwa. "Mangapi?" Nilifungua kinywa nitoe jibu la mtu mzima mwenye msimamo, nikajisikia nikisema, "Moja tu, mama watoto." Nililala mapema.

Siku tano baadaye Kameruni nao wakafungwa na Moroko, mawili bila, na kesho yake asubuhi yule kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya meza yangu, akiwa na abiria, kuniarifu kwamba sasa sisi ni bora kuliko Kameruni kwa bao moja. Sikumjibu. Nilikuwa namhudumia mama ntilie mmoja wa hapo sokoni, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye kila akinunua hubakiza kidogo na kuniahidi kesho. Aliniwekea pesa mezani. Nikazihesabu, zikawa zimepungua elfu moja.

"Dada yangu, mbona pungufu tena?"

"Baba, wewe ni mtu wa hesabu," alisema kwa upole. "Wiki ya kwanza nilipunguza elfu tatu. Wiki iliyopita elfu mbili. Leo ni elfu moja tu. Huoni ninavyopanda?"

Nilimtazama vizuri usoni, nikakumbuka kwamba jioni ile ya Rabat alikaa benchi la pili kutoka mbele. Nilitafuta la kumjibu nikalikosa, na Mwalimu, aliyekuwa nyuma yake akisubiri zamu, alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nikalichukua kopo ili nimpimie. Kabla sijalijaza akaninyang'anya, akaligeuza, akapapasa kitako kwa kidole gumba.