Kikombe kilichoondoka na mkojo

"Munakuja tena? Na ule mukojo wa siku ile, mulikuta nini ndani?"

Mama aliyeuliza hivyo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwake, Penga Penga, hapa Lubumbashi, akigeuza mihogo aliyoianika juu ya gunia. Mbele yake alisimama mwanafunzi wa afya ya umma, mkono mmoja fomu ya ridhaa, mkono mwingine kikombe cha plastiki chenye kifuniko. Kijana hakuwa na la kujibu. Kikombe cha kwanza kilichukuliwa na mwenzake, ambaye alikwisha kutetea memuari yake, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, na kwenda zake.

Swali la mama yule linawagawa watu wa fani hii: aliyetoa mkojo, damu au kucha, arudishiwe matokeo yake au la?

Mji wetu umepimwa sana, na kwa sababu nzuri. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911, na upepo umekuwa ukiusukuma moshi wa bomba la kiwanda kile kuelekea kaskazini-magharibi, mpaka udongo wa upande ule ukabaki na metali zake hata moshi ulipopungua. Mwaka 2009 timu ya Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ilichapisha vipimo vya wakazi wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, metali inayochimbwa hapa pamoja na shaba, kwenye mkojo zaidi ya mara 40 kuliko watu wa mbali. Bila vikombe vile, hadi leo tungekuwa tunabishana kama vumbi ni vumbi tu.

Wanaosita kurudisha matokeo wana hoja nzito, na wenye hasira huwa hawazisikilizi. Kobalti hutoka mwilini haraka. Mkojo wa leo unaeleza zaidi vumbi la siku chache zilizopita kuliko ugonjwa wa kesho. Ukimwambia mtu "umekutwa na kobalti nyingi", atakuuliza dawa iko wapi. Senta ya afya ya mtaani haina dawa ya kumpa. Atahama? Kwa pesa gani?

Kuna gumu zaidi. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliofanywa hapa hapa mjini, uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili na wengine 108 wasio nazo. Kasoro zilionekana zaidi pale baba alipokuwa na kazi ya madini, lakini kiasi cha metali mwilini mwa mama hakikueleza tofauti hiyo. Sasa nenda kamweleze baba mmoja, nyumbani kwake, mbele ya mkewe na shemeji zake. Takwimu inazungumzia kundi; yeye atasikia jina lake. Mimi mwenyewe nisingejua nianzie wapi.

Hata hivyo hoja hizo zote zinapinga namna moja tu ya kurudisha: karatasi yenye jina na namba. Kurudi kwenye avenyu na kukaa na watu chini ya mwembe ni jambo jingine. Metali ya risasi (plomb), kwa mfano, haina mzaha kwa mtoto: inakaa kwenye mifupa na kuudhuru ubongo unaokua. Hapo kuna la kusema, dawa iwepo isiwepo. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Mtoto anawe mikono kabla ya kushika bukari, yaani ugali. Nguo za mgodini zisiingie chumba wanacholala watoto. Na ile mihogo iliyo kwenye gunia, sentimita chache tu juu ya udongo, ipandishwe kwenye kichanja. Si tiba, najua, na wala si kazi ya mama yule kusafisha alichochafua mwingine. Ila ni chake kujua.

Kinachokwamisha, nionavyo, si maadili. Ni kwamba mwanafunzi anapotetea memuari, juri, yaani walimu wanaompima, humuuliza sampuli aliichaguaje na hesabu aliifanyaje. Kama alirudi mtaani, hilo halimo kwenye alama. Mfadhili naye hulipa maabara na safari ya mkutano. Viti vya kukodi na megafoni ya rele wa afya, yule mhamasishaji wa mtaani, havimo kwenye bajeti. Ajabu ni kwamba fedha haziko mbali: Sheria ya Madini ya Kongo ya 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wapo watakaosema pesa ya mgodi itamfunga mtafiti mdomo, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini kulipia kikao cha kusoma matokeo yaliyokwisha chapishwa si sawa na kulipia utafiti wenyewe. Namba zikishatoka, hakuna wa kuzifuta.

Mama yule, mwishowe, alikipokea kikombe. Alimwambia kijana aandike tarehe ya kurudi juu ya fomu, kwa bic, na fomu ibaki kwake.