Kila kitu kina namba mgongoni

Wacha niseme mapema, mimi ni mtu wa kusoma vibandiko. Kitu chochote cha stima kikiingia kwangu nakigeuza miguu juu natafuta pale wameandika wati, halafu nachukua maka nyekundu naandika kubwa kila mtu aone. Ukija kwetu hapa Kiamunyi utakuta pasi ina 1200 ubavuni, birika 2000, presha kuka 1000, friji 120. Mke wangu husema nyumba imekuwa kama mbio za baiskeli, kila kitu kina namba mgongoni.

Sasa nyumba yenyewe ni ya stima tupu. Gesi tuliuza, mtungi na jiko lake, siku ile mpira ulianza kufanya ssss usiku Mama Zawadi akakataa kulala ndani hadi utolewe. Tukanunua jiko la koili mbili, tukajiona watu wa maana. Halafu mwezi wa sita nikajumlisha meseji zote za tokeni, zile namba za stima ya kulipia kabla, nikapata karibu elfu nne na nusu, uniti 150 na kitu, nyumba ya watu watatu na mmoja wao ana miaka sita!

Na mnajua kinachouma zaidi? Sisi watu wa Nakuru tumekalia moto. Huku nyuma Menengai chini kunatokota, kule Olkaria mvuke unazungusha mitambo tangu 1981, kaunti ni hii hii yetu, lakini ukinunua tokeni unakatwa VAT 16%, unakatwa pesa ya mafuta inayopanda na kushuka kila mwezi, unabaki na uniti kiasi cha kujaza kiganja. Ni kama stima imeletwa na punda kutoka Mandera.

Basi nikatangaza vita. Simu hakuna kucharji usiku. Friji inazimwa saa nne inawashwa asubuhi (maziwa yakawa yanageuka mala bila kuombwa, na asubuhi friji inanguruma saa mbili nzima ikijaribu kurudi pale ilikuwa). Tokeni nikinunua siingizi, naziweka kwa simu hadi mita ianze kulia, kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kwamba uniti zikionana nyingi zinaisha haraka. Msiniulize hiyo hesabu ilitoka wapi. Na presha kuka nikaipiga marufuku kabisa, kitu kina 1000 mgongoni na mke wangu anapikia maharagwe dakika 45, nikaona huyo ndiye mwizi.

Mahali pa presha kuka nikaleta kikapu. Kile cha kupikia bila moto, mnakijua, unachemsha chakula kidogo kisha unatumbukiza sufuria ndani unafunika na matambara, joto linamalizia kazi. Ni kitu kizuri kabisa ukijua kukitumia. Changu nilijitengenezea kwa kapu la sokoni, sweta mbili za zamani, blanketi ya Zawadi ya utoto na mto juu kama kifuniko.

Ndipo Shangazi akafika kutoka Mbale, ile ya Vihiga. Huyu ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, darasa la saba miaka 30, ukisema "kama hivi" anauliza "ngapi". Alikuja na ndizi, jogoo mmoja na gorogoro mbili za maharagwe mekundu ya shamba lake, akaniambia, "Haya si ya sokoni baba, haya nimepalilia na mgongo wangu huu."

Nikaona hii ndiyo nafasi. Kesho yake saa kumi na moja na nusu asubuhi nikaamka mwenyewe nikaweka sufuria kwa koili, kuloweka sikuloweka kwa sababu yalionekana laini laini, povu lilipopanda nikahesabu dakika tatu nikazima, nikasukuma ndani ya kikapu. Shangazi alipotoka chumbani akakuta sufuria imevalishwa sweta na imelazwa kwa mto.

"Hii sufuria inaumwa?"

"Shangazi, inapika."

Akaiangalia, akaniangalia, akaenda kuota jua.

Saa moja jioni nikafungua kwa sherehe. Mvuke kidogo ulitoka, kweli, nikamwonyesha kila mtu. Maharagwe yalikuwa yamefura, yana rangi nzuri, lakini ukiuma yanalia kwa meno kama karanga mbichi. Mama Zawadi akasema, "Baba Zawadi, haya maharagwe yananiangalia." Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu anayependa presha kuka. Tukakaanga na kitunguu na nyanya dakika tano, nikapakua. Zawadi alikula mkate, mtoto ana akili ya mama yake. Mama Zawadi alikula vijiko vinne. Shangazi alikula sahani moja kwa heshima ya shamba lake. Mimi nilikula sahani mbili, za kuthibitisha.

Saa nne kasoro Shangazi akaniita jina langu la utotoni, lile hutumia kukiwa na msiba, akaingia choo akafunga. Mama Zawadi akasimama mlangoni. Mimi nikasimama nyuma ya Mama Zawadi. Choo ni kimoja. Sitaeleza sana yaliyotoka na yalitokea wapi, jueni tu kwamba ndoo ya kupigia deki ilifanya kazi ambayo haikuajiriwa nayo, na kwamba mukombero, ule mzizi, ambao Shangazi alitoa kwa mkoba tutafune utulize tumbo haukukaa ndani hata dakika mbili.

Mimi nikiwa mgonjwa dawa yangu ni maji moto. Nikaoga mara ya kwanza saa tano, dakika ishirini hivi nimeegemea ukuta, nikatoka nikakimbilia choo, nikarudi nikaoga tena. Jioni nilikuwa nimeangalia mita, uniti nne na nukta sita, za kutupeleka hadi kesho usiku. Saa saba niko kwa bafu bado, mita ikaanza ti ti ti ti. Nikasema nimalize tu kusuuza. Giza likaingia na maji yakawa ya Julai.

Sasa hesabuni nilivyojifunga. Tokeni ninazo, ziko kwa simu. Simu ina asilimia tatu kwa sababu ni marufuku kucharji usiku. Tokeni ni namba 20. Kipadi ya mita, kile kisanduku cha kubonyezea namba, iko nyuma ya mlango wa jikoni. Mama Zawadi yuko chooni hatoki. Kwa hivyo mimi nikasimama na taulo nasoma, Shangazi akabonyeza, na miwani ameacha chumbani.

"Sifuri nne saba tatu."

"Sifuri nne saba tatu."

"Tisa tisa mbili... Shangazi ngoja." Nikakimbia kwa ndoo. Nikarudi. "Nilikuwa nimefika wapi?"

"Tisa tisa mbili. Wewe ulikuwa unapata ngapi kwa imla?"

Tukafika namba ya kumi na sita, nafungua mdomo niseme ya kumi na saba, simu ikazima. Tukabaki gizani watu wawili wazima, tumbo langu linajibu tumbo lake.

Ikabidi niende kugonga mlango wa pili saa saba na nusu usiku nimevaa taulo na koti, naomba soketi. Jirani, Mama Chela, ni nesi, alikuwa ametoka zamu ya jioni hata hajalala. Aliniangalia akasema mmekula nini. Nikamwambia maharagwe. "Mmechemsha dakika ngapi?" Nikasema tatu, halafu kikapu. Akashika kichwa. Akanieleza pale mlangoni kwamba maharagwe mekundu mabichi yana sumu, haimalizwi na uvuguvugu, inamalizwa na kuchemka kwenyewe, yale ya kububujika, dakika kumi hivi au zaidi, na yakipashwa tu bila kuchemka vizuri yanaweza kuwa mabaya kuliko hata mabichi. Uloweke usiku kucha, umwage yale maji, uchemshe kweli kweli, ndio sasa uweke kwa kikapu chako. Akanipa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwa maji, pakiti nne, akatuambia tunywe kidogo kidogo, na tukizidiwa tumwite. Simu ikacharji hapo kwake. Kwa soketi yake. Bila namba yoyote mgongoni.

Asubuhi tulikuwa hai. Tumbo limetulia, macho yameingia ndani, na Mama Zawadi ameirudisha presha kuka mezani bila kusema neno, ameiweka tu katikati kama kombe. Nikaenda kuoga nifukuze usiku ule, nikafungulia, nikaanza na zile nyimbo zangu za kwaya, huwa naimba sauti zote nne.

Kumbe Shangazi alikuwa ameshuka na kigoda hadi kwa ngazi, pale mita zote zimepangwa. Mita yetu ina taa ndogo nyekundu, na imeandikwa ikipepesa mara 1000 ni uniti moja imeenda. Alikuwa amekaa hapo tangu saa kumi na mbili, friji peke yake ikiwa inafanya kazi, na anasema kati ya pepesa moja na nyingine alikuwa anamaliza Baba Yetu hadi Amina. Halafu ghafla taa ikaanza kukimbia kama ambulensi.

Mlango wa bafu ukagongwa. Ni Zawadi. "Baba, Nyanya amesema zima."

Nikazima. Nina sabuni hadi kwa masikio.

"Baba, Nyanya amesema washa."

Nikawasha.

"Nyanya amesema zima."

Mara tano! Baridi ya Julai, dirisha la bafu halifungi vizuri, mtoto anapanda na kushuka ngazi anafurahia kama yuko kwa bembea. Mara ya mwisho nilipouliza naweza kusuuza, jibu lililorudi lilikuwa, "Nyanya amesema aje nje na kitabu."

Nilimkuta ameshaandika nyuma ya risiti ya matatu. Pepesa 92 kwa dakika. "Wewe unaoga dakika ngapi?" Nikasema kama kumi. Mama Zawadi akatoa kicheko kimoja kikavu, akasema ishirini na tano, na Pasaka thelathini na tano. Shangazi akaandika: 92 mara 25 ni 2,300, uniti mbili na nukta tatu. Mara 30, uniti 69. Karibu elfu mbili kwa mwezi, mtu mmoja, anaimba. Akazungushia 150, akatoa 69, akapata 81. Akaniuliza kama najua kwamba ukipita uniti 100 unahamishwa bei ya juu, na kwa tokeni wanaangalia wastani wa miezi mitatu. Nilijua. Nilikuwa nimeeleza watu kazini.

"Na hii presha kuka?" akauliza. Mama Zawadi akaiwasha na yale maharagwe yaliyobaki kwa gunia, yameloweka, yamechemka kisawasawa. Tukasoma mita kabla na baada. Haikufika nusu uniti.

Shangazi akachukua maka yangu, akapanda kigoda bafuni, akasoma kibandiko kule juu kwa kichwa cha shawa ambako sijawahi kuangalia hata siku moja, akaandika kwa tailizi: 5500. Na swichi ya shawa, ambayo nilikuwa nimeiacha ya juu kabisa tangu tuhamie, akairudisha ya katikati.

Alikaa wiki moja. Siku ya kurudi aliomba kikapu, na sweta zake, na blanketi ya Zawadi, nikampa nikishukuru Mungu kisionekane tena. Juzi amepiga simu. Kuku wake amekipenda, ameatamia humo mayai kumi na ametotoa tisa. Anasema niambiwe tu kwamba joto lilikuwa linatosha, ni maharagwe hayakuwa mayai.