Mzee wa mipira ya kutambaa

Kuna video ya mazoezi ya Ron Washington, kocha wa besiboli wa Marekani, ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mchezaji wa ligi kuu, mtu anayelipwa mamilioni ya dola, amepiga magoti kwenye nyasi. Mkononi amevaa glavu bapa isiyo na mfuko, mithili ya kibao cha chapati. Hatua chache mbele yake yuko mzee mwembamba mwenye gongo jembamba, anampigia mipira ya kutambaa mmoja baada ya mwingine. Glavu ile haidaki kitu. Mpira usipoupokea kwa mikono miwili, laini, unakuruka na kukupita. Na kwa kuwa umepiga magoti, miguu haiwezi kukuokoa.

Ni hayo tu. Siku inayofuata wanarudia, na siku inayofuata tena.

Washington alizaliwa New Orleans mwaka 1952. Mwaka 1970 Kansas City Royals walimchukua kwenye akademia yao ya Florida. Wakati ule akademia hiyo ilikuwa kitu cha ajabu: tajiri mwenye timu, Ewing Kauffman, aliamini kwamba kijana mwenye mbio na wepesi anaweza kufundishwa besiboli kama anavyofundishwa hesabu. Wengi waliona ni upuuzi. Kwa maoni yangu, maisha yote ya Washington yametokana na upuuzi huo. Alifundishwa kila kitu kuanzia chini, kwa hiyo alijua kila kitu kinaanzia wapi.

Kama mchezaji alikuwa wa kawaida. Los Angeles Dodgers walimpandisha ligi kuu Septemba 1977, akacheza mechi 10, kisha hakuonekana tena huko mpaka 1981, alipokuwa Minnesota Twins. Alipita pia Baltimore, Cleveland na Houston. Jumla mechi 564, wastani wa kupiga .261 (yaani alifanikiwa takriban mara 26 katika kila 100), mikwaju 20 tu ya kuvuka uzio katika maisha yake yote. Alikuwa mchezaji wa akiba, yule anayeambiwa leo cheza hapa na kesho cheza pale. Nyota huwa hajui anafanyaje anachokifanya, kinamjia tu. Mtu wa benchi ana muda wote wa dunia wa kutazama miguu ya wenzake.

Mwaka 1996 alitua Oakland Athletics kama kocha, akakaa miaka 11. Hapo ndipo jina lake lilipojengeka. Alipewa Scott Hatteberg, mdakaji (yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji) ambaye kiwiko kilikuwa kimekwisha, amgeuze awe mlinzi wa besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, nafasi ambayo hakuwahi kuizoea. Akamgeuza. Kwenye besi ya tatu alimnoa Eric Chavez, aliyeshinda Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, miaka sita mfululizo, 2001 hadi 2006. Ile ya 2004 Chavez alimpa Washington, ikiwa imeandikwa maneno machache yenye maana kwamba bila yeye isingepatikana. Wachezaji wengi huwashukuru makocha wao kwenye kamera, lakini sijui wangapi wamewahi kulitoa kombe lenyewe.

Halafu Texas Rangers wakamwita awe meneja kuanzia msimu wa 2007. Kwetu meneja wa timu ni yule anayebeba pasipoti na kugombana na watu wa mapokezi hotelini. Kwenye besiboli meneja ndiye kocha mkuu: ndiye anayepanga kikosi, anayeamua mrushaji atoke lini na nani aingie.

Machi 2010 ikavuja habari kwamba mwaka uliotangulia alikutwa na kokeini kwenye vipimo. Alikiri na kutaka kujiuzulu, klabu ikakataa. Mwaka huohuo akaipeleka Texas kwenye World Series, fainali ya ligi kuu inayochukuliwa na anayetangulia kushinda mechi nne, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Walifungwa na San Francisco Giants, lakini mwaka uliofuata wakarudi tena.

Tarehe 27 Oktoba 2011, mechi ya sita dhidi ya St. Louis Cardinals. Texas wanaongoza mechi 3 kwa 2, na usiku ule wako mbele 7-5, raundi ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, wawili wa St. Louis wameshatolewa kati ya watatu. Mpigaji wao David Freese ana straiki mbili, na ya tatu humtoa mpigaji. Imebaki straiki moja tu, Texas wawe mabingwa. Freese akaupiga kwenda kulia, mpira mrefu, Nelson Cruz, mlinzi wa Texas wa upande huo, akarudi nyuma taratibu kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, ukampita juu ya glavu na kugonga ukuta. Pointi mbili zikaingia, 7-7. Raundi ya kumi Texas wakapata mbili nyingine, wakafika tena kwenye straiki moja ya mwisho, wakasawazishiwa tena. Raundi ya 11 Freese huyohuyo akautoa nje ya uwanja, 10-9. Mechi ya saba wakapoteza pia.

Cruz aliajiriwa kwa gongo lake, si kwa kudaka, na mtu mwepesi kuliko yeye alikuwa benchi. Hapa mimi humlaumu Washington, na humlaumu kuliko ningemlaumu meneja mwingine yeyote, maana huyu ni mtu aliyetumia maisha yake kuhubiri kwamba mechi zinashindwa kwa glavu. Ilipofika dakika ya kulitenda alilolihubiri, akamwacha mpigaji wake uwanjani. Pengine ni uaminifu kwa wachezaji wake, ule uliowafanya wampende. Mwalimu hamtoi mwanafunzi darasani katikati ya mtihani. Meneja inabidi amtoe.

Ndiyo maana nasema cheo kile, pamoja na ushindi 664 alioupata Texas, kilimtoa alipokuwa bora zaidi. Alijiuzulu Septemba 2014. Mei 2015 akarudi Oakland kama kocha wa kawaida na kumkuta Marcus Semien, ambaye msimu ule alifanya makosa 35, mengi kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu. Wakapiga magoti pamoja kila siku. Mwaka uliofuata makosa yakashuka hadi 21.

Kisha Atlanta, kuanzia 2017, kocha wa besi ya tatu na bwana wa mazoezi ya magoti. Tarehe 2 Novemba 2021, mjini Houston, Atlanta Braves walikuwa mbele 7-0 kwenye mechi ya sita. Pigo la mwisho la Yuli Gurriel wa Houston likatambaa kwenda kwa Dansby Swanson. Akauokota, akamrushia Freddie Freeman pale besi ya kwanza, kazi imekwisha. World Series ikachukuliwa kwa mpira wa kutambaa, kutoka kwa mwanafunzi wake mmoja kwenda kwa mwingine. Kwenye marudio ya picha kila mtu anawatazama wanaokumbatiana katikati ya uwanja. Mimi huitazama mikono ya Swanson: iko chini, mbele ya mwili, yote miwili.

Umeneja ulimrudia mara moja zaidi, Los Angeles Angels. Mwaka 2024 walipoteza mechi 99, idadi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu, na Juni 2025, akiwa na miaka 73, aliondoka kwa sababu ya moyo, akafanyiwa upasuaji wa kupitisha damu njia mpya nne. Angels hawakumrudisha. San Francisco Giants ndio waliompigia simu, kazi ikiwa ileile ya zamani: kuwafundisha walinzi wa ndani kuokota mipira.