Masta ya lishe Marekani: kwenye afya ya jamii inamsaidia nani hasa?

Kuna dada namfahamu, mtu wa Eldoret, ana digrii ya lishe na leseni ya KNDI, ile taasisi inayosajili wataalamu wa lishe Kenya, kafanya kazi kaunti miaka kadhaa kabla hajahamia Minnesota. Sasa hivi anaosha wazee usiku, kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Juzi kaniuliza hivi nikisoma masta ya afya ya jamii ili niwe RD inalipa, ama najitwisha tu mzigo? Nikamwambia nipe siku mbili nifikirie, zikawa wiki tatu.

Kwanza sheria yenyewe, maana watu wanaichanganya sana. RD ni mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa na tume inayoitwa CDR. Mpaka mwisho wa 2023, ukiwa na digrii ya kwanza na umemaliza intanshipu unaingia kwenye pepa ya usajili basi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024 bila masta hukai kwenye hiyo pepa. Waliokuwa wameshasajiliwa hawakuguswa. Na masta peke yake haitoshi, unatakiwa pia masaa yasiyopungua 1,000 ya mafunzo kwa vitendo chini ya programu iliyoidhinishwa na ACEND, chombo kinachokagua programu za masomo ya lishe. Digrii ya nje unaweza kuipeleka ifanyiwe tathmini wakakubali inalingana na ya kwao, sawa, ila masaa yako palepale. Leseni ya KNDI hapo haikuvushi mto.

Sasa wanaoitetea masta wana hoja, na mimi nilikuwa siisikii. Wanasema afya ya jamii sio kukaa na mgonjwa mmoja mmoja umwambie apunguze chumvi, ni kusoma takwimu za kaunti nzima, kuandika maombi ya ruzuku, kupanga programu halafu kupima kama imefanya kazi, na hayo digrii ya kwanza inayapitia juujuu kwa sababu imejaa kemia. Nilikuwa naona ni maneno ya watu wanaotafuta wanafunzi wa kulipa ada. Halafu siku moja nikampa lifti mama mmoja wa Kivu, Kongo, kwenda kliniki ya WIC, ule mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5.

Mtoto kachomwa kidole, damu imepungua. Mshauri, binti mpole kabisa, akatoa karatasi ya sahani iliyogawanywa, brokoli huku, kuku kule, pembeni mkate wa ngano isiyokobolewa. Mkalimani yuko kwenye simu, spika inakwaruza, akatafsiri "nafaka nzima". Mama akanigeukia, nafaka nzima ndiyo nini, mahindi ya kuchemsha? Nyumbani kwake wanakula bugali (ugali) na sombe (kisamvu) na ndakala (dagaa), chakula ambacho hakina ubaya wowote, ila yule mtoto alikuwa anashinda na chupa ya chai ya maziwa kutwa nzima, na chai na maziwa mengi vinajulikana kwa kumpunguzia mtoto madini ya chuma. Hakuna aliyeuliza habari ya chupa. Ilikuwa kwenye begi la mama, inaonekana kabisa!

Hapo utasema si ndio, anatakiwa mtu anayeijua sombe, masta ya nini? Na mimi nilitoka pale nasema hivyohivyo. Ila baadaye nikaona kwamba kanuni mpya za WIC za 2024 zimeruhusu majimbo kuongeza nafaka kama mtama na tefu kwenye orodha ya vyakula vinavyolipiwa. Mstari mmoja tu kwenye kanuni, na WIC inahudumia zaidi ya watu milioni 6 kwa mwezi. Mstari kama ule hauandikwi na binti mpole wa mezani, unaandikwa na watu wanaojua data na wanaojua bajeti, na hao wengi ndio wenye hizo masta. Nikalainika.

Nikalainika lakini sikumalizika, kwa sababu swali linabaki: huyo mwenye masta katoka wapi? Takriban 80% ya ma-RD Marekani ni wazungu, na hilo lilikuwepo hata kabla ya sheria mpya. Sasa chukua masaa 1,000, gawa kwa 40 kwa wiki, ni wiki 25, mara nyingi bila mshahara na ada unalipa wewe, na gari uwe nalo maana leo wanakupeleka hospitali kesho shule. Mkopo nao, wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026 ule wa serikali wa Grad PLUS, wa wanaosoma masta na kuendelea, haupo tena, masta ya kawaida mwisho dola 20,500 kwa mwaka. Halafu mshahara wa katikati wa fani yenyewe unachezea dola 70,000 hivi kwa mwaka, na serikalini mara nyingi uko chini kidogo ya hospitali. Mtu anayetuma hela nyumbani kila mwezi hizo wiki 25 anazitoa wapi? Kenya angalau KNDI inasajili wa cheti, wa diploma na wa digrii, mtu anapanda ngazi huku anakula.

Kuna pia lalamiko la pepa, kwamba karibu nusu ni huduma ya lishe kwa mgonjwa na vikundi, halafu unaulizwa mambo ya kuendesha jiko kubwa la kulisha umati, wakati wewe unataka afya ya jamii. Hili mimi siliungi mkono. Chakula cha shule Marekani kinaliwa na watoto karibu milioni 30 kwa siku, sasa kama hilo jiko sio afya ya jamii ni nini?

Kwa hiyo nilimjibu dada kwamba masta yenyewe sio adui, kinachomuumiza ni yale masaa ya bure. Atafute programu iliyounganisha masta na masaa pamoja, asifanye kimoja kimoja, na kabla ya kulipa hata senti aulize masaa mangapi yako nje ya hospitali na kama kuna posho. Tena kuna idara za WIC zinazoendesha intanshipu kwa wafanyakazi wao wenyewe, na majimbo mengi hayadai uwe RD ndio ukae meza ya ushauri, kwa hiyo aanzie hapo, Kiswahili chake kule ni dhahabu.

Akanijibu usiku akiwa shifti. Ameliona tangazo la WIC, ni dola mbili pungufu kwa saa kuliko anapoosha wazee, na watoto wawili wako bodingi Eldoret. Anasema bado anapiga hesabu.