Nati ya Kushoto

Viatu sijavua, chai nimeikataa. Mnaonifahamu mnajua maana yake.

Nimetoka Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar. Nilifuata nati za tairi za nyuma, upande wa kushoto, za lori la Bedford aliloniachia marehemu baba. Modeli ya TJ, ya 1967, ile yenye pua. Na msianze kuniambia niiuze kwa kilo. Leo nimeshaambiwa mara nne, na mmoja wao alikuwa muuza miwa.

Duka la kwanza nikapewa nati za Canter, "zinaingia tu hizo". La pili jamaa akanifahamisha kwamba Bedford ni gari la Mjapani. La tatu akaahidi kuniagizia kiwandani, wiki mbili mzigo uko bandarini. General Motors waliachana na malori ya Bedford kule Uingereza mwaka 1986! Labda mzigo huo atauomba kwa mizimu.

Sasa la nne. Kijana wa kumzaa kabisa. "Shikamoo mzee wangu, hapa umefika. Spea za kizamani daktari wake ni mimi." Nikaitika marahaba kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao, nikaeleza shida yangu: nataka nati za thredi ya kinyume, zinazofungwa kwa kuzungushia kushoto.

Akacheka. Akaita na wenzake wawili waje kucheka.

"Mzee, nati zote duniani zinafungwa kulia. Hata Ulaya."

Nikajizuia, mimi ni mtu mzima. Nikamweleza taratibu kwamba malori mengi ya Muingereza ya enzi zile yalifungwa hivyo: magurudumu ya kulia thredi ya kawaida, ya kushoto kinyume, ili gurudumu likizunguka lisizilegeze nati. Nikampa na mfano wa pedali ya kushoto ya baiskeli, fungua Phoenix yoyote uone. Akasema yeye hapandi baiskeli, ana bodaboda.

Nikatoa mfukoni stadi niliyokuja nayo, ile bolti ya gurudumu inayofungwa nati, imegongwa herufi L kichwani. Nikamwambia hiyo ndiyo kushoto ya Kizungu. Akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akanionea huruma.

"Hiyo ni saizi, mzee. Laji. Kama fulana."

Laji! Miaka yote hiyo baba anapanda mlima wa Sekenke na mzigo wa pamba, kumbe lori limevaa laji na familia nzima hatujui.

Basi daktari akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa nati yenye kutu, akaanza kuifunga kwenye stadi yangu. Kulia. Haiumi. Akachukua spana. Haiumi. Jasho likamtoka, mwenzake akamshikia stadi, wakasukumana pale kama wanachinja ng'ombe. Mwishowe akatangaza, "Thredi imekufa hii," akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Nikainama, nikaiokota, nikaizungushia kushoto kwa vidole viwili. Ikapanda laini kama pete ya ndoa kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Wale waliokuja kucheka wakakumbuka kwamba wana kazi zao.

"Shilingi ngapi hii?"

"Elfu ishirini."

"Si umeitupa sasa hivi, baba?"

"Nilikuwa naihifadhi, mzee. Hizi za kinyume hazipatikani."

Jamani! Hapo utu uzima ukaniishia. Nilifoka mpaka mate yakaruka. Nilimtaja baba yake, nikaitaja na serikali, sijui serikali iliingiaje pale. Halafu nikalipa. Ningefanyaje? Na nimepata moja, bado nne.

Kwenye daladala konda akaiona mkononi, akasema ya Fuso hiyo.

Nafika nyumbani, mama watoto ananipokea na habari kwamba kuku wa jirani ameatamia ndani ya Bedford, kiti cha dereva, mayai tisa. Jirani ameomba mlango usiguswe mpaka zitimie siku 21. Ameomba! Gari langu! Na kioo cha upande ule hakipandi, kwa hiyo mvua ikinyesha atakuja kunigongea nikamfunikie kuku wake turubai. Turubai lenyewe ninalo? Aliliazima yeye, kwenye msiba wa shemeji yake, tangu mwaka juzi.