Via Appia haikudumu, ilikarabatiwa

Masika yakishachimba mashimo ya kutosha, picha ile hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Kushoto mawe meusi makubwa yamepangika chini ya misonobari, na maneno "Barabara ya Warumi, miaka 2,300". Kulia lami yetu imemeguka, dimbwi liko katikati, bodaboda anatafuta pa kupita, na maneno "Barabara yetu, miaka miwili". Kinachofuata ni vicheko na laana kwa wakandarasi.

Mimi nimelisha watoto kwa kazi za barabara, kwa hiyo picha hii hunikera kila inapopita. Sitetei kazi mbovu. Wapo wanaomwaga lami nyembamba kama chapati ya maji, wakapokea hundi na kuondoka kabla haijapoa. Hao walaaniwe tu. Ila picha yenyewe inadanganya, na inadanganya pale pale tunapohitaji kuambiwa ukweli.

Barabara ya kwenye picha karibu kila mara ni Via Appia, na karibu kila mara ni kile kipande cha nje kidogo ya Roma, kuanzia kaburi la Cecilia Metella kwenda kusini. Aliyeianzisha ni Appius Claudius, mwaka 312 KK, mtu yule yule aliyeuletea mji wa Roma mfereji wake wa kwanza wa maji. Roma ilikuwa vitani na Wasamniti, na majeshi yalihitaji kufika Capua haraka, maili 132 za Kirumi, kama kilomita 195 hivi. Baadaye ikasogezwa hadi Benevento, Venosa na Taranto, ikaishia bandarini Brindisi, ambako watu walipanda meli kwenda Ugiriki.

Sasa, yale mawe. Appius hakuyatandika. Barabara yake ilianza kama zinavyoanza barabara nyingi, kwa changarawe. Kipande cha mpaka Bovillae, maili kumi na mbili hivi, kilitandikwa mawe mwaka 293 KK, karibu miaka ishirini baadaye, na kwingine wakaendelea kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana. Mawe yenyewe ni lava ya volkano ya vilima vya Albani, na bahati ya wajenzi ni kwamba lava hiyo ilitiririka zamani mpaka pale lilipo kaburi la Cecilia Metella, hivyo machimbo yalikuwa kando ya barabara. Mhandisi yeyote aliyewahi kusomba kokoto kilomita 80 ataona wivu.

Upana ulikuwa futi 14 za Kirumi, mita 4 na kidogo, magari mawili ya kukokotwa yapishane. Kingo zimeinuliwa kwa ajili ya watembea kwa miguu. Katikati pamebinuka kidogo ili maji yakimbilie pembeni. Kazi safi, sina ubishi. Lakini mpangilio unaouona leo kwenye picha una mkono wa Luigi Canina, msanifu aliyepewa na Papa Pius IX, miaka ya 1850, kazi ya kufukua na kupanga upya kipande hicho kiwe kama makumbusho ya wazi. Na kilifaa kuwa makumbusho kwa sababu magari yalikuwa yamekwisha kuhamia Appia mpya iliyo jirani. Mahali ambapo Via Appia bado inafanya kazi ya barabara, huko kusini, iko chini ya lami kwa jina la barabara ya taifa namba 7, na hakuna anayeipiga picha.

Halafu kuna uzito. Sheria za Roma za karne ya 4 ziliwekea gari zito la ng'ombe la usafirishaji wa serikali kikomo cha ratili 1,500 za Kirumi. Hiyo ni kama kilo 490. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la hadi tani 56, na hapo tunazungumzia wale wanaotii mizani. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sambamba na uzito wake, yanapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikipita mara moja imeumiza barabara sawa na ekseli ya tani 1 ikipita mara 10,000. Chukua msafara wa malori ya kontena yanayotoka bandarini usiku mmoja, uupitishe juu ya yale mawe ya Appius, halafu asubuhi tuje tupige picha.

Lakini hata hilo si kiini cha hoja yangu. Kiini kiko kwenye kinamasi.

Ukishavuka vilima vya Albani, Via Appia inanyooka kama imepigwa kwa kamba, inakata tambarare ya Pontino hadi Terracina pwani. Kwenye ramani inapendeza sana. Chini palikuwa pa maji, tope na malaria. Mshairi Horace alipita huko mwaka 37 KK akienda kuungana na wakubwa wa serikali. Mahali paitwapo Forum Appii maji yalikuwa mabaya kiasi kwamba tumbo lilimgomea, akakaa bila chakula cha jioni akiwasubiri wenzake wamalize kula. Kisha hawakuendelea na barabara hii inayosifiwa. Walipanda mashua kwenye mfereji uliochimbwa kando yake, ikikokotwa na nyumbu. Mbu na vyura wakawanyima usingizi, nahodha kalewa anaimba. Abiria walipopitiwa na usingizi, jamaa akamfunga nyumbu kwenye jiwe, naye akalala chali. Kulipokucha wakagundua chombo hakisogei, na abiria mmoja mwenye hasira akaruka nchi kavu akawacharaza fimbo nyumbu na nahodha wote wawili. Wasafiri wa mabasi ya usiku mtanielewa.

Forum Appii hiyo ndiyo Soko la Apio la Matendo ya Mitume 28, ambako ndugu wa Roma walikuja kumlaki Paulo akiletwa na askari kama mfungwa. Wengine walimsubiri Mikahawa Mitatu, karibu zaidi na mji. Vituo hivi vilikuwa vya kubadilisha wanyama, kula na kulala, na vilikuwa na sifa zile zile za vituo vya barabara kuu popote duniani.

Mfalme Trajan, mwanzoni mwa karne ya 2, alilazimika kukijenga upya kipande cha kinamasi. Pale Terracina, ambapo zamani barabara ilipanda mlima, alikata jabali upande wa bahari ili ipite chini. Nakipenda sana kipande hiki: ukutani mwa mwamba kumechongwa namba za vipimo kila futi 10, kuanzia juu hadi 120, kila namba ndani ya fremu yake. Hapo unamwona kabisa msimamizi wa kazi akitaka kila mpita njia ajue amelipwa kwa futi ngapi.

Kinamasi hakikukoma. Mwanzoni mwa karne ya 6 mfalme Theodoric alitoa kibali kwa tajiri mmoja aitwaye Decius kukausha maji yaliyokuwa yamemeza barabara. Nalitaja hili kwa sababu wanaoipenda ile picha hupenda pia kumnukuu Procopius, mwanahistoria aliyeandika kwamba mwaka 536 mawe ya Via Appia yalikuwa bado yameshikana kana kwamba yaliota pamoja, baada ya miaka 900. Ni kweli aliyaandika hayo. Ila barabara anayoisifu ni ile ambayo watu walikuwa wameitia mkono miongo michache tu nyuma.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kuitia mkono, na barabara ya milele ikafa. Kwa karne nyingi wasafiri wa kutoka Roma kwenda Napoli waliikwepa tambarare, wakapita juu vilimani kwa Sezze na Priverno, huku mawe ya Appius yamelala chini ya maji. Ilisubiri hadi Papa Pius VI alipoanza kukausha kinamasi mwaka 1777 ndipo njia ile ile iliyonyooka ikafunguliwa tena. Ukiandika "miaka 2,300" bila kutoa karne hizo, unanifanya nikuulize kama unahesabu na siku gari lako lilipokuwa gereji.

Kama ni lazima tutume picha ya Via Appia, mimi nachagua nyingine. Tarehe 10 Septemba 1960, marathoni ya Olimpiki ya Roma ilipita usiku kwenye mawe hayo, askari wameshika mienge pembeni, na Abebe Bikila wa Ethiopia anakimbia pekupeku. Alichomoka mbele ya Rhadi ben Abdesselam wa Morocco karibu na mnara wa Aksum, ule ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937 wakausimamisha Porta Capena, mahali ambapo Via Appia huanzia. Saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mnara ulirudi kwao mwaka 2005. Ukinibandikia picha hiyo kwenye grupu, sitakuwa na neno.

Turudi kwenye fedha, maana barabara ni fedha. Warumi walikuwa na wasimamizi rasmi wa barabara, na Via Appia ilikuwa na wake. Julius Caesar aliwahi kushika nafasi hiyo, akatumia fedha zake nyingi kuitengeneza, na sote tunajua mwanasiasa anayekwangua barabara kwa fedha zake anatafuta nini.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni maandishi ya mwaka 123 BK, yaliyochongwa kwenye nguzo za maili upande wa mashariki ya Benevento. Yanasema mfalme Hadrian aliijenga upya Via Appia kwa hatua 15,750, kama kilomita 23, kwa sababu ilikuwa imepotea kwa uchakavu wa muda mrefu. Imepotea! Hapo dola ya Roma iko kileleni, haijaguswa na mtu. Na gharama imeandikwa: wenye mashamba ya kando ya barabara walichanga sesterce (sarafu ya Kirumi) 569,100, mfalme akaongeza 1,147,000. Askari wa kawaida wa jeshi la Roma zama hizo alilipwa sesterce 1,200 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 23 zimekula mishahara ya mwaka mzima ya askari zaidi ya 1,400, na huo ni ukarabati tu.

Hilo ndilo ninalotaka tulibishanie. Tunapenda ufunguzi, utepe, mkasi na hotuba. Fedha ya kuzibua kalavati, kufyeka pembeni, kuziba ufa kabla maji hayajaingia chini ya lami, hiyo haina hotuba, na ndiyo inayokatwa ya kwanza bajeti ikibana. Tozo ya mafuta tunailipa kila tunapojaza tangi. Ningependa watu waichambue kwa hasira ile ile wanayoichambulia lami.

Juzi picha ilipopita tena kwenye grupu letu la mtaa, sikubishana. Niliandika tarakimu za Hadrian zote, na mchango wa wenye mashamba, na kilomita. Kukawa kimya kidogo. Kisha mzee mmoja, mstaafu wa uhasibu, akauliza hao wenye mashamba walipewa risiti.