Mkuu wa kiwanda akistaafu: apandishwe wa ndani au aletwe wa nje?

Mkuu wa kiwanda cha mkonge akistaafu, iwe Korogwe, Muheza au Pangani, wengi husema: mpandisheni fundi wa korona, mashine inayochuna majani ya mkonge kutoa singa (nyuzi zake), ndiye anayeijua. Hoja hiyo ina uzito. Katika kilo 100 za majani mabichi, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Visu vya korona vikikazwa kupita kiasi, singa huenda na makapi. Vikilegezwa, zinatoka na nyama ya jani na daraja linashuka. Fundi wa siku nyingi hugundua kasoro kwa mlio tu. Mgeni mwenye shahada atahitaji miezi kujifunza hayo, na singa zitakazopotea wakati huo hakuna anayezihesabu kama gharama ya ajira.

Ila kumpandisha mtu hakuzibi pengo, kunalihamisha. Korona atashika nani? Msaidizi. Na nafasi ya msaidizi? Mwisho wa safari lazima aajiriwe mtu kutoka nje, na ngazi hiyo ya chini ndiyo husahaulika kutangazwa. Tena jana fundi alikula ugali na wenzake, leo anawaandikia barua za onyo. Asipofundishwa kupanga zamu, kusoma gharama na kuendesha kikao cha nidhamu, kiwanda kitakuwa kimepoteza fundi na meneja hakikumpata.

Sheria nayo inawatofautisha wa ndani na wa nje. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Basi wa nje apimwe mwezi wa tatu na wa tano tangu aajiriwe. Ukikumbuka mwezi wa nane umechelewa. Wa ndani tayari ana miaka yake, na kumshusha cheo akishindwa ni mgogoro mtupu. Dawa ni kumkaimisha kwanza, kwa barua inayotaja tarehe ya kwisha, posho, na nafasi atakayorudia. Ukaimu usio na tarehe, ambao tumeuzoea mno, humchosha anayekaimu na kuwagawa walio chini yake.

Wa nje naye akipatikana, kama ana ajira ya mshahara wa mwezi, kwa kawaida atadaiwa notisi ya siku 28 anakotoka. Ongeza tangazo, usaili na kuhakiki vyeti: anayeanza kutafuta siku ya kuaga mstaafu amechelewa. Na kama jina limeshapangwa, heri msitangaze kabisa. Waombaji hujua, na safari ijayo wazuri hawaombi.

Kwa ukuu wa kiwanda, basi, wa ndani akaimu kwanza. Kwa mtunza ghala ni kinyume: kama marobota ya kwenye daftari na yaliyomo ghalani hayajalingana kwa misimu kadhaa, aletwe wa nje, hata kama ndani yupo mwenye sifa. Huyo ameshazoea kuona upungufu ule kuwa ni jambo la kawaida.